Deni la Mfugaji

Katika lugha yetu neno kufuga lina matawi mengi kuliko mtu anavyodhani anapolitamka. Mkulima wa Trans Nzoia hufuga ng'ombe na kuku. Kijana aliyeanza kuota ndevu huzifuga badala ya kuzinyoa. Mgonjwa anayeogopa dawa huambiwa kuwa anafuga maradhi. Matawi hayo yote yametoka katika shina moja, nalo ni hili: kufuga ni kukiacha kitu kikae nawe, na kukubali kukilisha kwa kilicho chako. Ndevu hula damu ya mwenye kidevu. Maradhi hula mwili wa aliyeyaficha. Ng'ombe hula majani ya shamba na jasho la mwenye shamba. Hapana kitu kifugwacho bure. Nimeanza kwa maana ya neno kwa sababu neno hilo dogo liliniweka katika shida mbele ya darasa langu, na mpaka sasa sijatoka katika shida hiyo sawasawa.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu katika mwezi wa Mei, mahindi ya Kitale yamefika magotini na ukungu wa Mlima Elgon haujaondoka bado mashambani. Mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu aliingia darasani amekumbatia katoni ya sabuni iliyotobolewa matundu kwa msumari. Alipoifunua, darasa zima lilivurugika. Wasichana walikimbilia mlangoni. Wavulana wakubwa, ambao siku nyingine hujigamba kuwa hawaogopi hata nyoka, walipanda juu ya madawati. Mmoja alitoka nje mbio, na aliporudi alikuwa na jiwe mkononi. Ndani ya katoni alikuwamo kinyonga wa rangi ya majani, ambaye urefu wake pamoja na mkia haukupita shubiri yangu. Alikuwa amekishika kijiti kwa vidole vyake, jicho moja limeelekea kwangu, na jingine limeelekea kwa mwenye jiwe.

Nilimwamuru mwenye jiwe akalitupe. Kisha nikamwuliza mwenye katoni amekusudia nini. Alinijibu kwa adabu kwamba katika simu ya kaka yake alikuwa ameona picha za watoto wa Ulaya na Marekani wakitembea na mijusi mabegani. Mjusi huyo asili yake ni Australia. Chini ya kidevu chake mna miiba laini, ambayo huivimbisha na kuifanya nyeusi anapokasirika au anapotaka kuonyesha ubabe, na kwa ajili hiyo ameitwa mjusi mwenye ndevu. Watoto wale humlisha, humwogesha na kumpa jina. "Mwalimu," aliniuliza, "kama wao wanamfuga mjusi wao na kusifiwa, mimi nikimfuga wangu kuna ubaya gani?"

Mwalimu hodari angalijibu papo hapo. Mimi niliifunika katoni, nikaiweka juu ya kabati, nikaendelea na somo, na sikumbuki hata neno moja nililofundisha katika kipindi kile. Sababu ni kwamba mimi mwenyewe nimewahi kumfuga kinyonga, naye alikufa mikononi mwangu.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, nyumbani kwetu upande wa Bungoma. Nilimkuta katika ua wa michongoma, nikamchukua kwa kijiti kwa kuwa sikuthubutu kumgusa, nikamtia ndani ya sanduku la mbao lililofunikwa kwa wavu wa waya. Nilimpenda. Nataka msomaji aliamini neno hilo, maana ndilo lenye uzito katika habari hii. Sikumchokoza, wala sikumwonyesha kwa watoto wengine kwa malipo ya peremende kama nilivyoshauriwa. Kila siku nilimwekea ugali ungali wa moto, na jani la sukuma wiki, na maji safi katika kifuniko cha chupa. Ugali hakula. Maji hakuyagusa. Kwanza nilidhani ana kiburi. Baadaye nikadhani ana huzuni. Hata siku moja halikunijia wazo kwamba ana njaa na kiu, kwa sababu chakula na maji vilikuwa mbele yake. Macho yake yalididimia, ngozi yake ikawa rangi ya jivu, na siku ya tisa nilimkuta amelala chini ya kijiti chake.

Bibi yangu, ambaye kwa desturi ya Kibukusu tulimwita Kukhu, hakukanyaga chumba kile kwa siku zote tisa. Nilipomwendea nikilia hakunibembeleza. Alinipa hadithi. Hapo kale, alisema, watu hawakuwa wakifa. Jioni moja mwana wa Maina alikuwa ameketi nje ya nyumba akila, kinyonga akafika, akaomba chakula. Mwana wa Maina akamnyima. Kinyonga akaomba tena na tena, hata yule mtu akachoka, akamfukuza. Ndipo kinyonga alipotamka laana, akasema kwamba yeye anakwenda zake, lakini wao wote watakufa. Akaenda kwa nyoka, akaomba kama alivyoomba kwanza. Nyoka akampa kwa moyo mweupe, na kinyonga akambariki aishi daima. Ndiyo maana nyoka akizeeka huvua gamba akawa mpya, na sisi tukizeeka twazikwa. Hadithi hii ina ndugu zake katika Afrika nzima, kwa kuwa makabila mengi husimulia kwamba kinyonga ndiye mjumbe aliyepewa habari ya uzima akachelewa nayo njiani.

Utotoni niliisikia kuwa ni hadithi ya hofu, na kwa muda wa miaka mingi sikupita karibu na kinyonga. Leo naiona kuwa ni hadithi ya chakula. Kosa la mwana wa Maina halikuwa kumpiga kinyonga wala kumwua. Kosa lake lilikuwa kumnyima. Nami nilipojilinganisha naye niliona tumefanana kuliko nilivyopenda: yeye alikuwa na chakula akakataa kutoa, mimi nilitoa, walakini nilichotoa kilikuwa chakula changu, hakikuwa chakula chake. Tumbo la kinyonga halikuona tofauti.

Maarifa niliyoyakosa niliyapata baadaye sana katika maktaba ya chuo cha ualimu, nilipokuwa nikitafuta jambo jingine. Kinyonga hali kisichotembea. Kope za jicho lake zimeungana, zimeacha tundu dogo katikati, na kila jicho huzunguka peke yake mpaka linapomwona mdudu. Hapo macho yote mawili huelekea mbele kwa pamoja, hupima umbali, na ulimi, ambao ukinyoshwa huweza kuupita urefu wa mwili wake, hutoka na kurudi kabla mtazamaji hajatambua. Ugali hautembei. Wala maji yaliyotulia katika chombo si maji kwake. Yeye hunywa matone ya umande na ya mvua yanayoning'inia majani, na aweza kukauka kwa kiu kando ya bakuli lililojaa. Huhitaji jua lenyewe, kwa kuwa miale fulani ya jua isiyoonekana kwa macho ndiyo inayomwezesha kutengeneza vitamini D mwilini mwake. Pasipo hiyo, chokaa ya chakula haifiki mifupani, na mifupa hulainika na kupinda. Kioo cha dirisha huizuia miale hiyo, na kwa hiyo aliyewekwa dirishani kwa wema bado yuko gizani kwa jambo lile analolihitaji. Huhitaji pia upweke. Kwa wengi wao kutazamana na kinyonga mwingine kutwa kucha ni mateso.

Na rangi zake, ambazo tumezifanya mfano wa unafiki, si za kujificha tu. Hugeuka kwa baridi, kwa joto, kwa hasira na kwa hofu. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kwamba katika ngozi ya kinyonga mmoja wa Bukini mna fuwele ndogo mno, ambazo nafasi kati yake ikipungua au ikiongezeka hubadili rangi ya nuru inayorudishwa. Kwa hiyo zile rangi ni usemi wa mnyama asiye na sauti. Mtoto anayempitisha kinyonga juu ya vitambaa vya rangi mbalimbali, apate kucheka na wenzake, anaandikiwa barua asiyoisoma. Tena kinyonga hapendi kushikwa. Akitulia mkononi twasema amezoea. Lakini kutulia ndiyo silaha yake ya kwanza mbele ya adui, na huenda anatulia kwetu kwa sababu ile ile.

Kati ya mtu na ng'ombe mna mapatano ya kale sana. Hayakuandikwa, lakini kila upande unajua namna ya kuyadai. Ng'ombe akicheleweshewa kukamwa hulia. Mbwa hubweka, paka hujisugua miguuni. Kuku wa Kitale akikosa mahindi yake huingia jikoni kuyafuata, na asipofukuzwa hupanda mezani. Kinyonga hadai. Anayemtia sandukuni amekopa kwa mdai bubu, na ndiyo maana nasema hali ya mfugaji huyu ni nzito kuliko ya mwenye ng'ombe mia. Kichakani kinyonga alikuwa akijitafutia kila kitu mwenyewe. Aliyemtoa kichakani amejitwika kumfanyia yote hayo. Imempasa awe mvua yake, awe jua lake, awe na upepo unaomletea nzi. Mimi katika umri wa miaka tisa sikuweza kuwa mvua ya mtu.

Si haki, hata hivyo, kumhukumu mtoto wa Ulaya kwa kosa langu. Mjusi mwenye ndevu si kinyonga. Nchi yake ya asili haiwaruhusu wanyama wake wauzwe nje kwa biashara ya kufugwa, na wale walioko majumbani mwa watu katika Ulaya na Marekani wamezaliwa humo humo vizazi vingi. Huvumilia mkono wa mtu, hula majani pamoja na wadudu, na hukaa juu ya bega bila kugeuka rangi ya hofu. Lakini hata yeye ana hesabu yake. Ametoka nchi kavu yenye jua kali, na kwa hiyo kizimbani mwake huhitaji mahali pa kuota joto panapofika karibu nyuzijoto 40 za Selsiasi, na upande wa pili wenye ubaridi wa kukimbilia. Huhitaji taa maalumu ya kumpa ile miale niliyoitaja, nayo ni taa ya hila, kwa maana miale yake hufifia hali bado inawaka, na mwenye nyumba akaiona nzima. Huhitaji nyenje walio hai, waliopakwa unga wa chokaa. Naye akitunzwa vema huishi miaka kumi, pengine zaidi. Mtoto wa miaka kumi na minne anayemleta nyumbani leo atakuwa na miaka ishirini na minne mjusi akiwa bado anangoja taa yake iwashwe. Katikati ya umri huo mtu huenda chuoni, huhama mji, huoa, hubadili mapenzi yake mara tano. Katika mji wetu, ambapo mvua ikipiga kwa nguvu umeme huondoka, sijui taa hiyo ingezimika mara ngapi kwa mwaka mmoja tu.

Baada ya kipindi nilimwita mwanafunzi wangu nikamweleza haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa majibu mawili.

La kwanza lilikuwa hili: kila Krismasi twachinja kuku na mbuzi, na hapana aulizaye kama kuku ameridhika, kwa nini basi kinyonga mmoja atufanye tukose usingizi? Jibu hili halikunisumbua sana. Aliyemla kuku wake hakudai kuwa anamfuga kwa mapenzi, na kuku huyo siku zake zote alipewa mahindi wala hakupewa mawe. Tunaweza kubishana juu ya kuchinja siku nyingine. Neno lililokuwa mbele yetu ni la mtu anayemwambia kiumbe, "Nakupenda, kaa nami," kisha akamwacha afe kwa kiu.

La pili lilinishinda. "Mwalimu," alisema, "nikimrudisha nje watamwua. Umeliona jiwe."

Alisema kweli. Katika sehemu zetu kinyonga akivuka njia mchana, mara nyingi hafiki ng'ambo. Hana sumu, wala hawezi kumdhuru mtu mzima wala mtoto. Lakini hofu tuliyoipokea kutoka kwa mwana wa Maina haiulizi habari za sumu. Wengine humpiga kwa fimbo, wengine humchoma moto, na watu waungwana, wasioweza kumwua kuku bila kugeuza uso, huwatuma watoto wakafanye kazi hiyo. Nikimwambia kijana huyu amrudishe kinyonga kichakani kwa sababu kichaka ndicho kwao, namrudisha kati ya majirani wa namna gani? Hoja za kuacha kila kiumbe mahali pake ni nzuri kwa anayezisema kutoka mbali. Hapa petu, mahali pake pana mawe.

Nilijaribu kumjibu kwa sheria. Tulisoma pamoja kwamba Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani pasipo kibali cha serikali. Akaniuliza: "Hiyo ni ya mwenye sanduku. Mwenye jiwe je?" Nikamwambia kwamba sheria inamhusu yeye pia. Akaniuliza kama namjua mtu yeyote aliyefikishwa mahakamani kwa ajili ya kinyonga aliyepigwa jiwe njiani. Simjui.

Jumamosi iliyofuata niliwapeleka wanafunzi katika Makumbusho ya Kitale, nikitumaini nitapata msaada huko. Makumbusho hayo yana historia ifaayo kujulikana na kila mtoto wa mji huu. Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza aliyefanya makao katika nyanda hizi, alikuwa mkusanyaji wa wadudu, ndege na vitu vya kila namna, na mwaka 1926 aliyafungua makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake, na mwaka 1974 makumbusho ya sasa yakafunguliwa mjini Kitale. Vipepeo wake wamechomwa pini, na nyoka hai wako ndani ya vioo. Mwanafunzi wangu alisimama mbele ya nyoka kwa muda mrefu, kisha akanitazama. Sikuhitaji kuambiwa anafikiri nini.

Neno langu ni kwamba kipepeo aliyechomwa pini na kuandikiwa siku na mahali alipokamatwa amepata kifo chenye faida kuliko kinyonga wangu wa Bungoma, aliyekufa bila kumfundisha mtu lolote kwa miaka kumi na zaidi. Nyoka wa kioo nao huenda wamewaokoa nyoka wengi wa mashambani, maana aliyejifunza hapo kumtofautisha mwenye sumu na asiye na sumu hatapiga kila kitambaacho. Lakini sababu iliyonituliza zaidi si ya elimu. Makumbusho hayaendi chuoni, hayaoi, hayahami mji. Wamewekwa watu ambao kazi yao ni kutokusahau. Kijana wa Kidato cha Tatu, hata awe mwema namna gani, hajawekewa mtu wa kukumbuka kwa niaba yake.

Yako mambo mengine ambayo sikuyajua wakati nilipokuwa mtoto, nayo yamenifanya niogope mapenzi kuliko nilivyoogopa chuki. Katika nyanda za juu za Kenya kuna kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Mwaka 1972 makumi kadhaa ya vinyonga hao walisafirishwa kutoka Kenya mpaka kisiwa cha Oahu katika Hawaii, kwa mwenye duka la wanyama wa kufugwa. Walifika wamekonda na kukauka kwa safari. Mwenye duka akawahurumia, akawaachia bustanini mwake wapate nguvu. Wakapata nguvu, wakaenda zao. Leo wamezaana na kuenea huko, nao hula konokono na wadudu wa visiwa vile, ambao baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mwaka 1981 Kenya ilikataza kuwauza nje, lakini bustani ya yule mwenye huruma haikuweza tena kufungwa. Jirani zetu wa Tanzania wana mjusi mdogo wa rangi ya buluu, anayeishi katika msitu wa Kimboza, mkoa wa Morogoro, na vipande vichache vya msitu vilivyo karibu. Makao yake ni miti ya jamii ya mikadi. Wawindaji waliotumwa na biashara ya wapenda mijusi waliikata miti ile ili wamfikie, yaani walimchukua mjusi na kuivunja nyumba yake kwa siku moja. Mwaka 2017 mataifa yalikataza biashara ya mjusi huyo aliyetoka mwituni, na mwaka 2019 yakafanya vivyo hivyo kwa kobe bapa wa miambani, ambaye ni wa Kenya na Tanzania. Hata sisimizi hawakusalimika. Mwezi wa Mei mwaka 2025 mahakama ya Nairobi iliwahukumu watu wanne, miongoni mwao vijana wawili wa Ubelgiji, kulipa shilingi milioni moja kila mmoja au kufungwa miezi 12, kwa kukutwa na maelfu ya sisimizi, wengi wao malkia, waliotiwa katika mirija midogo ili wauzwe kwa watu wanaowafuga ng'ambo. Wanaonunua hawamchukii mjusi wala sisimizi. Wana picha zake ukutani.

Basi niliamuaje? Niliamua nusu nusu, kama waalimu wanavyoamua. Nilimwambia kijana amrudishe kinyonga palepale alipomwokota, katika ua wa vichaka kando ya bustani ya shule, lakini asimwache. Nilimpa daftari. Nikamwambia kwamba kama anataka kufuga, afuge kwa macho: aende kila asubuhi kabla ya kengele na kila jioni baada ya michezo, aandike alichokiona, na mwenye kutaka kumjua kinyonga huyo apitie kwake. Alikubali kwa shingo upande.

Majuma yaliyofuata yalinishangaza. Shule yetu ni ya bweni, na habari husafiri upesi. Wale wasichana waliokimbilia mlangoni walikuwa wa kwanza kwenda kutazama, kwa mbali kwanza, kisha kwa karibu. Mwenye jiwe naye alikwenda. Akagundua mwenyewe jambo ambalo sikuwafundisha, kwamba usiku kinyonga akilala hupauka, na ukimulika tochi katika majani humwona mara moja kama karatasi nyeupe. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akimtafuta gizani, apate kuwaambia wenzake amelala tawi gani. Daftari lilijaa. Katika ukurasa mmoja imeandikwa kwamba saa moja na nusu, siku ya baridi, kinyonga alikuwa mweusi upande ulioelekea jua na wa kijani upande wa pili. Katika ukurasa mwingine, kwamba baada ya mvua alilamba matone tisa, kisha akafumba macho. Niliposoma habari ya matone yale nilitoka nje kidogo. Kijana huyu katika majuma mawili alikuwa amejua lile ambalo kinyonga wangu alikufa kwa kuwa mimi sikulijua.

Siku ya ishirini na tatu alinijia ofisini kabla ya kengele, na ile katoni ya sabuni mikononi. Kinyonga alikuwa ameokotwa ng'ambo ya ua, penye njia ya wapita kwa miguu, amepondwa kichwa. Jiwe lilikuwa kando yake. Hatukujua ni nani, wala sikutaka waende kuulizana na watu wa njia. Huenda alikuwa mtoto, huenda alikuwa mama aliyeogopa kwa ajili ya mtoto wake.

Kijana hakulia. Aliiweka katoni juu ya meza yangu, akaniuliza: "Mwalimu, angekuwa ndani ya sanduku langu, leo angekuwa hai?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Ningaliweza kumwambia habari za siku zangu tisa, na za mifupa inayopinda, na za Hawaii. Lakini kijana aliyesimama mbele yangu hakuwa tena yule wa mwezi wa Mei. Alijua anavyokula kinyonga, anavyokunywa, saa anayotaka jua na saa anayolikimbia. Kama yuko mtoto katika wilaya nzima aliyeweza kuwa mvua ya kinyonga, alikuwa yeye. Nami ndiye niliyempa elimu hiyo kwa sharti la kumwacha mnyama nje. Nilimwambia kwamba yamkini angalikuwa hai.

Alinitazama kwa muda. Kisha alilifungua daftari lake juu ya meza yangu, akaandika tarehe na saa, na mbele yake maneno machache ambayo sikumwomba anionyeshe. Jioni ile, baada ya chakula, niliwaona yeye na yule aliyekuwa na jiwe siku ya kwanza wakitembea polepole kandokando ya ua, mmoja ameshika tochi na mwingine ameshika daftari, wakimulika jani baada ya jani.